Na ya Kutolea

Kibanda changu cha kutuma pesa kiko Chavakali,
pale barabara ya Kapsabet inapoiacha ya Kakamega.
Zimepita mikononi mwangu pesa za mahari, za matanga,
za ng'ombe aliyeuzwa usiku,
lakini Jumanne ni ya Mama Rasoa.

Huingia na vumbi la kokoto kwenye nyusi,
hufungua leso, fundo la kwanza kwa vidole,
la pili kwa meno,
kisha hunipa simu kwa mikono miwili
kama mtu anayemkabidhi daktari mtoto.
"Nisomee. Kefa ameandika."

Nasoma.
*Mama shikamoo, huku tunasoma kwa bidii, Mungu ni mwema.
Tumeambiwa kila mtu anunue kipimahewa chake,
asiye nacho haketi mtihani wa Ijumaa.
Ni elfu tatu mia tano tu.
Usimwambie mjomba, atasema nasumbua.*

Kefa anasomea uhasibu.
Mwezi wa tatu alivunja darubini.
Wa tano, kodi ya kiti cha maktaba.
Wa saba mwalimu wa takwimu alifiwa na baba,
na wa nane akafiwa tena, baba yuleyule.
Nilisoma zote kwa sauti, bila kumeza mate.

Jumamosi moja nilimwona Kondele,
viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukanyaga Maragoli,
ameinamia mkeka wa kamari
akijumlisha magoli ya watu wa Ulaya.
Basi hesabu, kweli, anasoma.

Ningesema. Neno lilishafika kwenye meno.
Lakini nami nilisoma Nakuru,
nami nilimwandikia baba kwamba tunapelekwa Menengai
kuona mvuke unavyotoka ardhini, elfu mbili kila mwanafunzi.
Menengai! Unaiona ukianika nguo.
Baba akauza ndama. Mimi nikanunua nywele.
Likizo akaniuliza, mlima ule ukoje?
Nikamwambia, unapumua.
Jumapili ile akasimama kanisani akawaeleza,
binti yangu ameona mlima unaopumua,
na wazee wakatikisa vichwa, wakashukuru.
Tumeshamzika. Kule juu sijafika mpaka leo.

Mama Rasoa anapanga noti za hamsini juu ya meza.
Kila noti ni ndoo ngapi za kokoto? Sijawahi kuuliza.
Nahesabu mara mbili, vumbi linanibaki kidoleni.
"Hicho kitu," anasema, "kipima nini?"
"Kipimahewa."
"Kinafanya kazi gani?"
Natafuta jibu ambalo si uongo.
"Kinasaidia kujua kama mvua itanyesha."

Anatazama nje, jua limekaa juu ya mabati
kama mtu asiye na safari.
"Mvua? Si angeniuliza.
Goti langu la kushoto linajua tangu jana."

Kisha ananitazama, kwa muda mrefu kidogo
kuliko anavyotazamwa msomaji wa barua za wengine.
Nadhani alicheka. Au alikohoa;
kifua cha mvunja mawe hakitofautishi.

"Tuma," anasema.
Nabonyeza tarakimu za mwanawe, nazijua kwa moyo.
"Ngoja. Weka na ya kutolea.
Asije akaikuta imepungua."
Na anarudi kwenye leso, kwenye fundo la tatu,
ambalo sikujua lipo.

Daftari linataka sahihi. Anakandamiza dole gumba
na wino unakaa mtupu, doa lisilo na mistari:
mawe yalishailamba.
Simu yake inalia kabla hajafika mlangoni.
*Asante mama, Mungu akuzidishie.*
"Soma tena," anasema.
Nasoma tena.

Akatoka amejifunika leso kichwani, ingawa jua lilikuwa kali,
na watu wa kituo cha mafuta wakamcheka kidogo.
Saa kumi mvua ikanyesha.